Kushoto Neno, Kulia Mimi

Katika Injili ya Marko, sura ya 4, Yesu anavuka ziwa jioni na wanafunzi wake, na dhoruba inawakuta katikati. Kila aliyepitia shule ya Jumapili anakijua kisa hiki: mawimbi yanaingia chomboni, Bwana amelala shetrini, wanafunzi wanamwamsha kwa hofu, upepo unakemewa na ziwa linatulia. Lakini mwulize huyo anayekijua ni mashua ngapi zilikuwa majini usiku ule. Wengi watajibu moja. Marko, katika aya ya 36, anasema zilikuwepo na nyingine zilizofuatana nayo. Baada ya hapo hazitajwi tena. Hatuambiwi zilikuwa za nani, dhoruba ilizifanya nini, wala kama waliokuwemo walipata kujua kwa nini maji yalinyamaza ghafla. Jicho huzipita mwaka baada ya mwaka. Mkono hauna namna ya kuzipita. Anayenakili sura hiyo kwa kalamu itambidi aziandike herufi kwa herufi, na usiku huo hatalala kabla hajajiuliza habari zao.

Kazi ninayoisifu hapa ni hiyo: kunakili Maandiko kwa mkono katika daftari, na kuandika kando yake yale ambayo Neno limemwambia aliyenakili. Makanisani kwetu kuandika si jambo geni. Jumapili utawaona watu na madaftari magotini wakiwahi aya anazozitaja mhubiri kabla hajahamia nyingine. Vijana wa vyuoni wana vijitabu vyao vya saa ya utulivu, na katika jumuiya ndogondogo hakosekani mama anayeandika kila somo lililosomwa na nani alilisoma. Yote hayo ni mema. Ila kuna namna ya polepole zaidi, nayo ni kuchukua kitabu kizima, tuseme Marko au Ruthu, na kukinakili kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho bila kuchagua. Ukichagua aya, utaandika zile ulizokwisha kuzipenda. Ukinakili kitabu, utakutana na mashua nyingine.

Kazi yenyewe ina amri ya zamani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, inamwekea mfalme wa Israeli mambo ya kujiepusha nayo, farasi wengi, wake wengi, fedha na dhahabu kupita kiasi, halafu inamwagiza akishatawazwa ajiandikie nakala ya torati kutoka kwa ile iliyoko kwa makuhani, akae nayo na kuisoma maisha yake yote. Huyu ni mtu mwenye makarani. Wapo wanaoeleza agizo hili kuwa ni tahadhari tu, ili torati isipotee nakala moja ikiungua. Mimi naona sababu imetajwa pale pale: asije akajiona mkubwa kuliko ndugu zake. Anayenakili amekubali kupangiwa la kusema, neno baada ya neno, bila kuongeza lake wala kupunguza lisilompendeza. Kwa mfalme hilo ni zoezi adimu.

Na ukitaka kumwona mfalme wa namna nyingine, soma Yeremia 36. Baruku ameandika kwa wino yote yaliyotoka kinywani mwa nabii, gombo linasomwa mbele ya Yehoyakimu katika nyumba yake ya majira ya baridi, na kila zinaposomwa safu tatu au nne mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni. Kisu kile kilikuwa kifaa cha kazi, kama wembe tuliochongea penseli shuleni. Baruku akachukua gombo jingine akaanza upya, na safari hii yakaongezwa maneno mengine mengi.

Sasa tuingie kwenye ufundi wenyewe, maana watu huudharau. Kunakili huonekana kazi ya mtoto. Mtoto anaponakili ubaoni hutazama neno, akaliandika, akainua kichwa kutafuta linalofuata, na anaweza kumaliza ubao mzima bila kujua uliandikwa nini. Mzoefu hafanyi hivyo. Husoma kipande chenye maana kamili, akakitamka kwa sauti ya chini, akageuza uso kutoka kwenye Biblia, ndipo akaandika alichokibeba kichwani. Kisha hurudi kuhakiki. Kipande hicho ni kama tonge: kikiwa kidogo mno hupati ladha, kikiwa kikubwa kinakukaba. Anayeanza hubeba maneno matatu. Baada ya miezi kadhaa atajikuta anabeba aya nzima ya Marko, kwa kuwa Marko huandika kwa pumzi fupi. Halafu atafika Waefeso sura ya 1 na kunyenyekea tena, maana Paulo pale hapumziki. Katika Kigiriki aya ya 3 hadi ya 14 ni sentensi moja. Mkono unamjua mwandishi kwa namna ambayo maelezo ya kitabu cha mwongozo hayawezi kukupa. Unajua nani hukimbia na nani huzunguka. Unajua Luka anapenda kukueleza ni mwaka wa utawala wa nani, na Yohana anarudia neno lile lile mpaka likuingie.

Wataalamu wa saikolojia wamejaribu kueleza faida ya mkono. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, huko Marekani, walilinganisha wanafunzi walioandika mihadhara kwa kompyuta na wale walioandika kwa kalamu, wakaona wa kalamu walijibu vizuri zaidi maswali ya kuelewa. Maelezo yao yalikuwa kwamba mwenye kompyuta huandika kila neno analolisikia, ilhali wa kalamu hawezi kuwahi, hivyo hulazimika kuchuja. Utafiti huo umesambaa sana, na wengine walioujaribu tena hawakupata tofauti kubwa kama ile. Hata hivyo mimi kinachonichekesha ni kwamba watu huutaja kutetea kunakili Biblia. Anayenakili Biblia hachuji kitu. Anafanya hasa kile wanachokilaumu kwa mwenye kompyuta, anaandika kila neno. Kama faida ipo, na naamini ipo, basi itafutwe kwenye mwendo. Msomaji wa kawaida humaliza Marko 4 kwa dakika chache. Kalamu itachukua saa nzima na zaidi, na katika saa hiyo mpanzi, taa, mbegu ya haradali na dhoruba vinakaa nawe chumba kimoja.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Kalamu ya wino wa kawaida, ile ya Bic ya buluu inayouzwa kila duka, inafaa kuliko zile za jeli zinazopenya hadi upande wa pili. Karatasi ya Biblia nyingi ni nyembamba mno na haivumilii wino, ndiyo maana daftari ni bora kuliko pambizo. Usiukandamize mkono, kidole kikianza kuuma maana yake unaandika kana kwamba unachimba. Mengine kila mtu atayapata mwenyewe.

Daftari lililonifundisha zaidi si la mtu maarufu. Ni la mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, huko Uchagani kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mama wa kanisa la Kilutheri ambaye nilipelekwa kwake na mjukuu wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akaniambia nikae upande wa dirisha penye mwanga, na bila maneno mengi akaleta kaunta buku nne zilizovishwa karatasi za kalenda za zamani. Mwandiko ni ule wa kuunganisha uliofundishwa zamani, umelala kidogo kulia, herufi zote kimo kimoja.

Utaratibu wake ni mwepisi na nimeona wachache waliofikiri vizuri kama yeye. Ukurasa wa kushoto ni wa Neno, na hapo hutumia wino. Ukurasa wa kulia ni wake, na hapo hutumia penseli. Nilimwuliza kwa nini penseli.

"Lile la kushoto halibadiliki," alisema. "Haya yangu, nani ajuaye? Mwakani naweza kuona nilikuwa mjinga."

Zaidi ya hapo, ukurasa wa kulia hauandiki siku ile ile. Leo ananakili, kesho asubuhi anasoma alichonakili, ndipo anaandika lake kama lipo. Kurasa nyingi za kulia ni tupu kabisa, na hilo halimsumbui. Kando ya mwisho wa Yona, pale Mungu anapotaja watu wa Ninawi zaidi ya 120,000 kisha akamalizia na wanyama wao, ameandika kwa penseli maneno mawili tu: "Hata mifugo!" Chini yake, kwa penseli nyingine yenye ncha butu na ni wazi kwamba ni ya wakati mwingine, ameongeza: "Yule bado sijamsamehe." Hakunieleza ni nani, nami sikuuliza. Niliona tu kwamba hakuiandika sentensi hiyo upande wa kushoto, chini ya maneno ya Mungu, mahali ambapo nafasi ilikuwepo ya kutosha.

Hapo ndipo naona ustadi wote wa kazi hii unapokaa, kwenye mpaka kati ya kurasa mbili. Asiye na mpaka huchanganya. Huanza na aya, akaingiza fikra yake, akarudi kwenye aya, na baada ya mwaka mmoja akisoma daftari lake hawezi kutofautisha alichoambiwa na alichojiambia. Nimeona madaftari ya namna hiyo, yamejaa ahadi za Mungu ambazo Mungu hakuziahidi. Na aliyeweka mpaka mkali mno, akanakili tu bila kuacha ukurasa wake, naye amepoteza nusu ya kazi, kwa sababu Neno halikuja ili lipate mahali pa kuhifadhiwa.

Mwalimu yule yuko kitabu cha Hesabu. Nilipofika alikuwa sura ya 7, sura yenye aya 89, ambamo wakuu wa makabila kumi na mawili wanaleta matoleo ya kuwekwa wakfu kwa madhabahu, kila mmoja siku yake. Na kila mmoja analeta kitu kile kile: sahani ya fedha ya shekeli 130, bakuli la fedha la shekeli 70, vyote vimejaa unga uliochanganywa na mafuta, kijiko cha dhahabu cha shekeli 10 kilichojaa uvumba, halafu orodha ya fahali, kondoo na mbuzi isiyobadilika hata kwa mnyama mmoja. Nashoni wa Yuda siku ya kwanza, Nethaneli wa Isakari siku ya pili, hadi Ahira wa Naftali siku ya kumi na mbili. Ni sura ambayo wanaosoma Biblia kwa mwaka mmoja huivuka kwa kidole. Yeye alikuwa amefika kwa Pagieli wa Asheri, siku ya kumi na moja, na alikuwa ameandika kila sahani na kila mbuzi. Nilimwuliza kama hakushawishika kuandika "vilevile" na kusonga mbele.

"Mwanangu," alisema, "wewe ukitoa sadaka yako kanisani, ya kwako ikaandikwa 'kama ya jirani', utafurahi?"

Ukurasa wa kulia wa sura hiyo ulikuwa mtupu bado.

Makosa ni sehemu ya kazi, na namna mtu anavyoyachukulia inaonyesha kama ni fundi. Kosa la kawaida kuliko yote ni la jicho kuruka. Mistari miwili inaishia kwa neno moja, jicho linarudi kwenye Biblia na kutua kwenye mstari wa chini badala ya wa juu, na kilichokuwa katikati kinapotea. Walionakili kwa Kigiriki na Kilatini waliteswa na kosa hilo hilo, na wasomi wa leo hulitumia kufuatilia nakala ipi ilitoka kwa ipi. Dawa yake ni kuhesabu aya mwisho wa sura, na iliyo bora zaidi ni kusomeana: mmoja anasoma daftari kwa sauti, mwingine anafuata katika Biblia. Ukikuta kosa, lichore mstari mmoja uliopitia katikati, uandike lililo sahihi juu yake. Wino mweupe wa kufutia sikuupenda kamwe, unaacha kovu na unaficha historia.

Kuna watu waliolitendea kosa kwa heshima zaidi. Mwaka 1998 watawa Wabenedikto wa Saint John's Abbey, Collegeville, jimbo la Minnesota, walimpa fundi wa hati Donald Jackson kazi ya kuandika Biblia nzima kwa mkono. Aliifanya na mafundi wenzake kutoka karakana yake huko Wales, juu ya ngozi za ndama, kwa manyoya ya ndege yaliyochongwa kuwa kalamu, na ilikamilika mwaka 2011 ikiwa na juzuu saba. Kwenye ngozi ya thamani namna ile, ukiruka mstari huwezi kuchana ukurasa. Basi katika kitabu cha Hekima, mstari uliosahauliwa umeandikwa chini ya ukurasa, na pambizoni amechorwa nyuki anayeuvuta kwa kamba na kapi kuupandisha hadi mahali pake. Mahali pengine kazi kama hiyo amepewa ndege. Kosa limebaki, limekiriwa, na msomaji anatabasamu. Napenda kuamini kwamba aliyelifanya naye hatimaye alitabasamu.

Watawa wana ukoo mrefu katika jambo hili. Cassiodorus, aliyekuwa mtumishi mkubwa wa wafalme wa Wagothi nchini Italia katika karne ya 6, aliacha siasa akaanzisha monasteri iliyoitwa Vivarium kusini mwa nchi hiyo, na akaipa kazi ya kunakili heshima ambayo pengine haikuwahi kupewa kabla yake. Kwake mnakili alikuwa mhubiri anayehubiri kwa vidole, na kila neno la Bwana aliloliandika lilikuwa jeraha kwa shetani. Lakini Cassiodorus hakuwa mtu wa maneno matupu. Aliwapa ndugu zake taa zinazojiongezea mafuta zenyewe ili kazi ya usiku isikatizwe, pamoja na saa ya jua na saa ya maji. Na akiwa amepita umri wa miaka 90 aliwaandikia kitabu cha tahajia, kwa sababu walimlalamikia kwamba wananakili wasichojua kukiandika sawasawa. Huyo mzee nampenda kuliko watakatifu wengi wenye miujiza.

Karibu zaidi na kwetu, mafundi wa Ethiopia hawajaiacha kazi hii. Huandika juu ya ngozi ya mbuzi kwa kalamu ya tete, wino mweusi kwa maandishi yote na mwekundu kwa majina matakatifu, ili jicho lijue limefika kwa nani kabla mdomo haujatamka. Pwani yetu nayo iliujua uvumilivu wa namna hiyo katika dini nyingine: mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulisifika kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono katika karne za 18 na 19.

Siku hizi, hasa Marekani, limezuka jambo jingine lenye jina linalofanana. Kampuni ya Crossway ilitoa mwaka 2006 Biblia yenye pambizo pana zilizopigwa mistari kwa ajili ya kuandikia, na wachapishaji wengine wakafuata. Pambizo zile zimejaa rangi za maji, maua, vibandiko na herufi za mapambo. Siwacheki wanaofanya hivyo; wanaokaa saa mbili na aya moja wamekaa nayo saa mbili. Ila nimeziona kurasa ambazo rangi imefunika maandishi, na ua limechanua juu ya aya ambayo haisomeki tena. Hapo nakumbuka penseli ya mwalimu wa Uchagani.

Pambizo yenyewe haina hatia, inategemea mkono. Johann Sebastian Bach alikuwa na Biblia yenye ufafanuzi wa Abraham Calov, juzuu tatu zilizochapwa Wittenberg mwaka 1681 na 1682, na katika kila juzuu aliandika jina lake na mwaka 1733. Zilipotea machoni pa watu mpaka zilipoonekana mwaka 1934 katika nyumba moja huko Frankenmuth, Michigan, na sasa ziko katika seminari ya Concordia mjini St. Louis. Alichokiandika humo ni kidogo. Sehemu kubwa ni kusahihisha makosa ya mpiga chapa na kurudisha maneno yaliyoachwa, kazi ya mnakili mtiifu. Mara chache tu anasema lake. Kando ya 1 Mambo ya Nyakati 25, panapoorodheshwa waimbaji wa hekalu, ameandika kwamba sura hiyo ndiyo msingi wa kweli wa muziki wote wa kanisa unaompendeza Mungu. Sura hiyo ni orodha ya majina na kura. Mwanamuziki wa Leipzig, aliyekuwa akigombana na wakubwa wake kuhusu idadi ya waimbaji, alisimama hapo ambapo wengine huvuka.

Aliyelifikisha jambo hili mbali kuliko wote ninaowajua ni Jonathan Edwards, mchungaji wa Northampton, Massachusetts, enzi za ukoloni wa Kiingereza. Mwaka 1730 alipewa na shemeji yake, Benjamin Pierpont, kitabu kilichotengenezwa kwa namna ya pekee: Biblia ndogo ya Kiingereza iliyofumuliwa, kurasa zake zikashonwa moja moja katikati ya karatasi kubwa tupu. Kwa karibu miaka 28, hadi alipofariki mwaka 1758, alizijaza karatasi zile kwa mwandiko mdogo uliobanana, safu mbili kila ukurasa, maelezo yanayopita 5,000. Kitabu kipo hadi leo katika Chuo Kikuu cha Yale. Karatasi ilikuwa ghali. Edwards alijulikana kwa kuandika mahubiri nyuma ya barua, ankara, na vipande vilivyobaki nyumbani mwake vya karatasi ya kutengenezea vipepeo vya mkononi. Lakini katika Biblia hii hakubana. Mpaka kati ya chapa na mkono ulikuwa umeshonwa na mshoni wa vitabu, naye akauheshimu maisha yake yote. Kama tukitafuta mwanafunzi bora wa mwalimu wangu wa Uchagani, ndiye huyu.

Mwaka 1731, mwaka mmoja tu baada ya kupokea zawadi ile, Edwards alisafiri hadi Newport, Rhode Island, akanunua msichana Mwafrika aliyeitwa Venus. Nyumba yake ilikuwa na watumwa hadi alipokufa. Baadaye aliandika rasimu ya kumtetea mchungaji mwenzake mwenye watumwa, ingawa katika rasimu hiyo hiyo aliipinga biashara ya kuwatoa watu zaidi Afrika. Ninayasema haya kwa sababu wapo wanaoyauza madaftari ya Neno kama dawa: andika kila siku na moyo utanyooka. Maelezo 5,000 hayakumfungulia mlango Venus. Mtu anaweza kuacha ukurasa mtupu kando ya kila sura ya Biblia na bado asiandike hapo jambo moja lililo jikoni kwake. Hilo halinifanyi niipende kazi hii kidogo. Linanifanya niwe mwangalifu ninaposema inafanya nini.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi simwambii Mwanzo, ambayo ina sura 50 na humchosha mtu kabla mkono haujazoea, wala Zaburi, ambazo kila mtu anazijua nusu. Namwambia aanze na Filemoni. Ni waraka wa aya 25, unanakilika jioni moja, na ni barua kwa mtu aliyekuwa na mtumwa, tena mtu mwema, mwenye kanisa nyumbani kwake. Kwa Kiswahili una ukoo wake pia. Askofu Edward Steere, aliyeliweka Agano Jipya katika Kiswahili cha Unguja, ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, kwenye kiwanja kilichokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Neno la Paulo kuhusu mtumwa huyo, Onesimo, lilitafutiwa maneno katika mji ule ule.

Nakili polepole, acha ukurasa wa kulia hadi kesho yake. Ukifika aya ya 19 utaona mwandiko unabadilika. Paulo alizoea kuwaachia makarani kazi ya kuandika. Waraka kwa Warumi uliandikwa na Tertio, ambaye hata anajipenyeza mwishoni kusalimu. Lakini hapa, kwenye deni la Onesimo, anasema anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalilipa yeye.